Stelingi Hafi, Lakini Adui Ndiye Anayekumbukwa

Hotuba hii ilitolewa Bagamoyo mbele ya waigizaji, waongozaji na wanafunzi wa sanaa za maonyesho. Tumeiweka hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Mwenyekiti, walimu wetu, wasanii wenzangu, na nyie vijana mliobanana huko nyuma karibu na mlango: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Naanza na swali, na naomba mjibu kwa sauti. Filamu ya Batman ya mwaka 2008, The Dark Knight, yule adui aliyejipaka uso mweupe, Joker, aliigizwa na nani? Heath Ledger. Ukumbi mzima umejibu, ahsanteni. Na Batman mwenyewe je? Mmeona? Kuna mmoja tu kanong'ona Christian Bale, tena kwa wasiwasi. Na filamu ni ya Batman!

Kila aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza anaijua sheria: stelingi hafi. Watu wanalipa kiingilio wakiujua mwisho. Sasa kama mwisho unajulikana, macho yataenda wapi? Yataenda kwa yule ambaye hatujui atafanya nini.

Leo tuulize kwa nini adui anamzima stelingi kwenye filamu za mashujaa, na mwigizaji wa Bagamoyo achukue nini pale. Niseme mapema kwamba jibu la "ubaya una mvuto" halinitoshi. Maadui wabaya kupindukia wamejaa kwenye filamu hizo na hakuna anayewakumbuka. Mwaka 2017 ilitoka Justice League. Adui wake, Steppenwolf, alikuja kuiangamiza dunia nzima. Dunia nzima! Nani hapa anaweza kuniigizia Steppenwolf? Nyoosheni mikono. Hakuna. Ubaya anao, tena wa kumwaga. Kinachokosekana ni jibu la swali moja tu, na swali hilo nitalirudia mpaka mnichoke: anataka nini?

Anataka nini?

Tazameni hadithi hizi zinavyojengwa. Mji umetulia. Stelingi ana kibarua chake, ana mchumba wake, maisha yanakwenda. Nani anaianzisha hadithi? Adui. Adui ndiye anayeiba, anayeteka, anayepanga, anayebadili mpango ukiharibika. Stelingi anasubiri king'ora kilie ndipo atoke. Stelingi ni beki, adui ni mshambuliaji, na mnajua wenyewe jezi ya nani hununuliwa zaidi.

Chukueni Avengers: Infinity War ya mwaka 2018. Waongozaji wake, ndugu wawili Anthony na Joe Russo, walimfanya adui, Thanos, ndiye mwenye safari. Anataka mawe sita yenye nguvu. Anayafuata moja baada ya jingine, na jiwe la roho, kule kwenye sayari ya Vormir, haliji mpaka umtoe unayempenda. Anamtupa jabalini Gamora, binti aliyemlea, na machozi yanamtoka. Mashujaa wako wengi, wamegawana vipande vya muda. Thanos peke yake ana takriban dakika 29 kati ya 149, nyingi kuliko mhusika mwingine yeyote mle ndani. Anashinda, anakaa chini, analitazama jua. Halafu maandishi ya mwisho kabisa yanatangaza kwamba Thanos atarudi. Tangazo la namna hiyo kwa kawaida huwekewa stelingi.

Kwa hiyo waandishi, mkifika nyumbani fanyeni hivi. Chukua skripti yako na kalamu mbili za rangi tofauti. Kwa rangi ya kwanza pigia mstari kila kitenzi cha adui, kwa ya pili kila kitenzi cha stelingi. Adui akiwa na "anacheka", "anafoka", "anaamrisha" tu, hapo huna adui, una sanamu. Ukikuta "anaficha", "anakopa", "anabembeleza", "anachoma", "anarudi kuchukua", hapo una mtu. Kisha hesabu ni sini ngapi zinaanza kwa sababu adui kafanya jambo, na ngapi kwa sababu stelingi kafanya jambo. Stelingi akikosa hata moja, usimlaumu mwigizaji wake kwa kuzimwa. Umemzima wewe kwenye karatasi.

Hapa kwetu tuna ugonjwa wetu, na niuseme kwa kuwa tuko wenyewe kwa wenyewe. Adui wetu anakaa kwenye sofa. Miwani myeusi ndani ya nyumba, koti la ngozi saa saba mchana kwenye joto hili la pwani, simu mbili mezani, kazi yake kutuma vijana. Halafu anacheka. Kicheko cha sekunde kumi na tano kwa jambo lisilomchekesha hata mtoto. Ukimuuliza mwigizaji, "Huyu bwana anataka nini?" anakujibu, "Ni mtu mbaya." Hilo si jibu. Hakuna mwigizaji anayeweza kuigiza "mbaya". Anaweza kuigiza mtu anayetaka kiwanja cha marehemu kaka yake kabla arobaini haijafika. Hicho kinaigizika.

Na msidhani jambo hili limetoka Hollywood. Mwalimu Nyerere alituletea Mabepari wa Venisi kwa Kiswahili mwaka 1969. Ndani yake mna Shailoki, yule mkopeshaji. Katika maonyesho ishirini ya tamthilia ile ya Shakespeare, Shailoki yumo kwenye matano tu. Sehemu ya tano yote hayumo. Wenzake wako kwenye mbalamwezi wanasikiliza muziki. Lakini muulize yeyote aliyeisoma tamthilia ile inahusu nini, atakwambia ratili ya nyama ya mwili anayoidai Shailoki kwa deni lake. Antonio, ambaye kifua chake ndicho kinachotakiwa kukatwa, ni kazi kumkumbuka. Maonyesho matano! Yametosha kwa zaidi ya miaka mia nne.

Hapo naingia kwenye dakika. Waigizaji wetu wengi wanahesabu mistari. "Nimepewa mistari michache, kaka." Basi sikieni: Ledger yumo kwa takriban dakika 33 katika filamu ya dakika 152. Uchache huo haukumpunguza kwa sababu kila akiingia, mambo hayabaki yalivyokuwa. Benki inaibiwa na majambazi waliovaa vinyago, na hatujui yeye ni yupi mpaka wenzake wote wamekwisha kuuawa. Kikao cha wakubwa wa uhalifu kinakaa, anaingia bila kualikwa, na penseli moja mezani inakuwa silaha. Anatoka, chumba kizima kimebadilika.

Na hatuambiwi katoka wapi. Mara ya kwanza anasema makovu ya mdomoni alikatwa na baba yake. Mara ya pili anasema alijikata mwenyewe kwa ajili ya mke wake. Ipi kweli? Hakuna anayejua. Mwandishi mwenye haraka angetuwekea dakika kumi za utoto wake, na mvuto wote ungeishia hapo. Najua mtanitajia Joker ya 2019, iliyompa Joaquin Phoenix tuzo ya Oscar kwa kuyaonyesha maisha ya mtu huyo hatua kwa hatua. Sawa, lakini mle ndani yeye ndiye stelingi. Hesabu yake ni nyingine.

Sasa tuikaribie sini moja tuitazame vizuri, ile ya chumba cha mahojiano. Giza, meza, taa ndogo. Joker amekaa anazungumza kwa upole na Gordon, ofisa wa polisi. Gordon anatoka. Taa zote zinawaka, na Batman yuko nyuma ya mgongo wake. Kichwa cha Joker kinabamizwa mezani. Anafanya nini? Analia? Anatukana? Anamkosoa Batman: usianzie kichwani, mtu huchanganyikiwa asihisi pigo linalofuata. Yaani kapigwa yeye, na yeye ndiye anayetoa somo la kupiga. Batman anazidisha, na kadiri anavyopiga ndivyo Joker anavyocheka, kwa kuwa hana kitu anachoogopa kunyang'anywa. Mwisho anataja anwani mbili walikofichwa mateka wawili, na amezigeuza makusudi. Aliyekamatwa ndiye anayeendesha mazungumzo.

Kicheko kile, ndugu zangu, kina kazi. Kinamwambia Batman kwamba ngumi zake hazinunui chochote. Linganisheni na kicheko cha kwenye sofa.

Hapa niweke jambo la afya, kwa sababu vijana mnadanganyana. Ledger alifariki tarehe 22 Januari 2008, filamu ikatoka Julai, na mwaka 2009 familia yake ikampokelea Oscar. Watu wakazusha kwamba uhusika ule ndio uliomuua. Uchunguzi ulisema ni mchanganyiko wa dawa za kuandikiwa na daktari, bila kukusudia. Ni kweli alijifungia hotelini na daftari. Lakini alikuwa anatafuta sauti, mwendo na kicheko, na hivyo ndivyo alivyotoka navyo. Hakutoka na wazimu. Msanii akinijia hajaoga siku nne anasema "niko ndani ya uhusika", mimi namwambia nenda kaoge, halafu uniletee sauti.

Kuna na uzushi wa pili, kwamba Joker anapolipua hospitali, ule mshangao wa Ledger bomu linaposita ameubuni palepale. Fikirini kidogo. Lile lilikuwa jengo halisi, kiwanda cha zamani Chicago, na jengo hubomolewa mara moja. Nani atampeleka mwigizaji nje ya jengo lenye baruti bila mpango? Kusita kule kulipangwa kukafanyiwa mazoezi. Uzuri wake ni kwamba hatuoni mazoezi.

Sasa uso. Naomba hapa mniruhusu nikae kidogo, maana ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Meikapu ya Ledger ilipakwa na John Caglione, na namna walivyofanya haigharimu hata senti. Wakati rangi nyeupe inapakwa, Ledger alikuwa anakunja uso: anapandisha paji, anafinya macho. Rangi inashika juu ya mikunjo, akiuachia uso, mistari ya ngozi inabaki kati ya rangi. Ndiyo maana uso ule unaonekana umelaliwa siku tatu. Angekaa uso umetulia, angetoka kama sahani. Makovu nayo yalikuwa vipande vya kubandika pembeni mwa mdomo. Vipande vya hapo hulegea mapema, kwa kuwa pana mate na pana mwendo. Kule kulamba midomo, ambako leo kila anayemwiga anaanza nako, inaelezwa kulianza kama njia ya kuyashika makovu yasibanduke. Tatizo la kazi likageuka tabia ya mhusika.

Kwa joto la hapa, rangi ya mafuta itateleza upesi. Paka tabaka jembamba, kandika poda, subiri dakika tano, futa ziada kwa brashi, ndipo upake la pili. Tabaka moja nene litapasuka vibaya na litashuka shingoni. Mpira wa maji wa kutengenezea kovu ujaribu kwanza ndani ya kiwiko siku moja kabla, maana wapo wanaovimba. Nyusi na ndevu zipake vaselini kwanza, la sivyo utazing'oa. Na supaglu, jamani, isiguse ngozi ya mtu. Nimemaliza.

Kinyago ni habari nyingine. Mwaka 2016, kwenye X-Men: Apocalypse, walimchukua Oscar Isaac, mwigizaji mzuri sana, awe adui, wakamfunika plastiki ya uso na vazi zito lenye joto, mpaka ikabidi apelekwe kupozwa kati ya sini na sini. Kilichobaki ni sauti kubwa na mtu wa bluu asiyeweza kugeuza shingo. Kipaji kimo, kimezikwa.

Willem Dafoe, adui Green Goblin kwenye Spider-Man ya 2002, alivalishwa helmeti ngumu ya kijani, mdomo hauchezi. Sini gani tunaikumbuka? Ile ya kioo, anapojibizana na nafsi yake bila helmeti. Watengenezaji wakaielewa hiyo. Walipomrudisha mwaka 2021, mapema tu anaipasua helmeti yake mwenyewe, na kuanzia hapo ule uso unafanya kazi mpaka mwisho.

Tom Hardy, kama Bane, adui wa Batman mwaka 2012, mdomo wake umefungwa filamu karibu nzima. Akahamishia kazi machoni, na mikononi: anashika kola za koti lake kama mzee wa baraza. Ila sauti iliwasumbua. Sehemu ya mwanzo ilipoonyeshwa mapema, mwishoni mwa 2011, watu walilalamika hawasikii anachosema, na filamu ilipotoka sauti yake ilikuwa imewekwa wazi zaidi. Kwa hiyo mkiamua kufunga mdomo wa adui, pangeni tangu mwanzo siku ya kurudia sauti studio. Msitegemee maiki ya kifuani ipenye kitambaa. Na mkirekodi mtu anayefoka, shusheni rekoda mpaka kilele cha sauti kigote kwenye desibeli 12 chini ya kikomo. Sauti iliyopasuka haina fundi.

Josh Brolin wa Thanos yeye hakuvaa uso wowote. Alipigwa vitone usoni, akafungwa kofia yenye kamera mbele ya pua, na juu ya kichwa chake kijiti chenye picha ya kichwa cha Thanos ili wenzake wajue pa kutazama. Kompyuta ikachukua kila kutetemeka kwa shavu. Ndiyo maana jitu lile la zambarau linaweza kusema kwa sauti ya chini na ukalisikiliza. Brolin hafoki. Mtu mwenye nguvu za kuangamiza nusu ya viumbe anafoka kwa ajili gani?

Nimewasema sana maadui. Na stelingi? Akubali tu kuzimwa?

Hapana. Tazameni Black Panther ya Ryan Coogler, 2018. Adui, Killmonger, aliyeigizwa na Michael B. Jordan, anaingia kwenye jumba la makumbusho London kama mtalii. Ana miwani, ana adabu, anauliza vitu vilitoka wapi. Anajibiwa, anauliza tena, na taratibu tunagundua kwamba anajua zaidi ya mtaalamu anayemjibu, na kwamba kahawa ya mtaalamu yule ina sumu. Anataka nini? Anataka silaha za Wakanda, nchi ya kubuniwa ya Afrika, ziwafikie watu weusi wanaoonewa duniani. Tena anataka kwa sababu baba yake aliuawa na mfalme wa Wakanda, ambaye ni baba wa stelingi, T'Challa. Anapokufa anakataa kutibiwa afungwe. Anaomba azikwe baharini pamoja na mababu waliojirusha kutoka kwenye meli za watumwa. Maneno hayo yasikilizeni mkiwa Bagamoyo, mji ambao misafara ya watumwa na pembe iliishia hapa ufukweni. Ukumbi gani wa pwani hii utamzomea mtu huyo?

Basi Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, afanye nini mbele ya adui mwenye hoja kama hiyo? Angeweza kushindana kwa sauti, kwa misuli, kwa ukali. Alichagua kusikiliza. Rudieni filamu mkamtazame T'Challa wakati Killmonger anazungumza: hajipangi kujibu, maneno yanamwingia. Nakia, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o wa jirani zetu Kenya, alikuwa amemwambia mapema kwamba Wakanda iwasaidie walio nje, na hakukubali. Adui anamwambia, kwa damu, na anabadilika. Mwisho anakwenda Oakland, Marekani, kwenye jengo lilelile alikofia baba yake Killmonger, anafungua kituo cha kuwasaidia watu. Stelingi amechukua nusu ya hoja ya adui akaifanyia kazi bila bunduki. Boseman pia ndiye aliyeshikilia kwamba T'Challa azungumze kwa lafudhi ya Kiafrika, wala si ya Uingereza au Marekani. Jambo dogo? Bila lafudhi ile, Killmonger asingekuwa mgeni mbele yake, na ugomvi wao ungepoteza mizizi.

Rudini pia kwenye chumba cha mahojiano. Bale alikubali kuonekana mtu aliyeishiwa. Angekataa, angelinda ushujaa wake, Ledger angekuwa anacheka peke yake kwenye chumba kitupu. Mwigizaji wa stelingi anayeogopa kupungua mbele ya adui huwaua wote wawili.

Na waongozaji, hili lenu: picha ya karibu ya stelingi akisikiliza msiiache kwa sababu ya haraka. Mkimaliza upande wa adui, geuzeni kamera hata kama jua linazama na bodaboda wa vifaa anapiga honi. Adui awepo nyuma ya kamera aseme mistari yake yote, kwa nguvu ileile. Msimwachie msaidizi aisome kwa niaba yake, macho ya stelingi yatadanganya na mhariri hatakuwa na cha kukata.

Maneno yatosha. Naomba watu kumi wapite mbele, wawili wawili, na viti viwili. Mmoja ana ufunguo wa ghala mfukoni, mwingine anautaka kabla muadhini hajaadhini. Anayeutaka haruhusiwi kucheka, kufoka wala kugusa. Aliye nao haruhusiwi kusema "sitoi". Atafute njia nyingine. Dakika nne kila jozi. Mlioko nyuma, sogeeni karibu, mtazame sana yule asiyezungumza.